Naivasha ya Angani

Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, angalia magari kwanza. Kisha nipe sikio, maana leo nimekuletea habari za ziwa.

Ukitoka Nairobi ukateremka kupitia Mai Mahiu, unaingia Bonde la Ufa, na baada ya mwendo kidogo maji ya Naivasha yanaanza kumetameta mkono wako wa kushoto. Ukikata kona ukaifuata barabara ya kusini mwa ziwa, ukayapita mashamba ya maua, unafika Olkaria. Hapo ziwa linakwisha na habari nyingine inaanza. Mabomba makubwa ya rangi ya fedha yanapanda na kushuka milimani, mahali pengine yamepindwa juu kama fremu ya mlango. Mvuke mweupe unatoka ardhini kwa kishindo, na pua inakutana na harufu ya mayai viza. Huo ndio mvuke unaozungusha mitambo ya umeme pale tangu mwaka 1981. Maji yaliyokaa chini sana, yakapashwa moto na mawe ya volkano, yanatoka yakiwa na hasira.

Naivasha na Olkaria ni majirani. Kila dereva wa matatu wa njia ile analijua hilo. Jambo ambalo wengi wetu hatujaambiwa ni kwamba majirani hawa wawili wana wajina wao angani. Iko nyota inaitwa Orkaria. Na iko sayari inayoizunguka nyota hiyo, inaitwa Enaiposha. Sikukosea kutamka, msikilizaji. Ni maneno ya Kimaa, lugha ya Wamasai. Orkaria ni ile ngeu, udongo mwekundu ambao morani hujipaka. Enaiposha ni maji mengi yaliyotanda, ziwa au hata bahari. Na ndilo neno hilo hilo ambalo wageni walipolisikia masikio yao yakalikata, wakaandika kwenye ramani "Naivasha".

Majina hayo hayakuokotwa. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifungua shindano la kuzipa majina nyota 20 pamoja na sayari zake, zote zikiwa miongoni mwa zile ambazo darubini mpya ya James Webb ilipangiwa kuzitazama mwanzoni mwa kazi yake. Timu kutoka Kenya ilipendekeza jozi hii ya Kimaa, na mwezi wa Juni 2023 majina yakatangazwa rasmi. Kabla ya hapo vitabu viliiita nyota ile GJ 1214, na sayari yake GJ 1214 b. Ni majina ya mafaili hayo, si majina ya kumwita mtu chakula kiko tayari.

Basi leo nataka tuitembelee hiyo Naivasha ya angani. Tuone ilijulikanaje, imeumbwaje, na kama jina lake ni la haki: je, kuna maji?

Kwanza, iko wapi? Iko umbali wa takriban miaka 48 ya nuru. Maana yake, mwanga unaoingia kwenye darubini usiku huu uliondoka huko miaka 48 iliyopita. Mtu aliyezaliwa siku ile mwanga ulipofunga safari, leo huenda anasomesha watoto chuo kikuu. Kwa hesabu za wanaastronomia huo ni ujirani kabisa, kama nyumba ya tatu kutoka kwako. Kwa miguu yetu ni jambo jingine. Chombo kiitwacho Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, kinakwenda kilomita 17 kila sekunde, na safari yote hiyo imekifikisha umbali wa takriban siku moja tu ya mwendo wa nuru. Kwa kasi hiyo, kufika Enaiposha kungechukua zaidi ya miaka laki nane. Kwa hiyo, msikilizaji, usifungashe.

Lakini upande wa angani zinakokaa hizi mbili tunaufahamu vizuri. Kuna kundi la nyota linaloitwa Hawaa, yaani yule mshika nyoka, linalopakana na Nge. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tumependelewa: sehemu hiyo ya anga hutupita karibu utosini. Mwanzoni mwa Agosti, saa tatu usiku, simama nje Nairobi au Mwanza, inua uso moja kwa moja juu, na Orkaria iko hapo. Hutaiona. Ni nyota ndogo, nyekundu, hafifu. Jicho la mtu haliipati bila darubini. Lakini iko hapo.

Udogo wa Orkaria ndio mwanzo wa kisa chote. Mbele yake, Jua letu ni jitu. Orkaria upana wake ni kama moja ya tano tu ya upana wa Jua, na mwanga inaotoa ni chini ya nusu ya asilimia moja ya mwanga wa Jua. Uso wa Jua una joto la nyuzi karibu 5,500 za Selsiasi. Orkaria inafika kwenye 3,000 au pungufu. Ndiyo maana ni nyekundu. Ni kama kaa la jikoni: likiwa na moto mkali hung'aa kuelekea weupe, likipoa linakuwa jekundu. Waliochagua neno la ngeu walijua walichofanya.

Sasa, unaionaje sayari iliyo mbali hivyo, isiyo na mwanga wake yenyewe, iliyojibanza kando ya nyota? Jibu ni kwamba huioni. Unaona kivuli chake.

Fikiria usiku baada ya mvua, kumbikumbi wametoka. Kumbikumbi mmoja akipita mbele ya taa kubwa ya uwanja wa mpira, hakuna atakayejua. Akipita mbele ya kitochi kidogo cha simu, mwanga unatikisika ukutani. Sayari ni ile ile, kumbikumbi ni yule yule, lakini taa ndogo inamsaliti. Profesa David Charbonneau wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliijenga kazi yao juu ya hoja hiyo. Badala ya kuhangaika na majua makubwa, wakasema tutazame taa ndogo. Wakaweka darubini nane juu ya mlima katika jimbo la Arizona, Marekani, mradi wakauita MEarth. Kila darubini ilikuwa na kioo cha upana wa sentimita 40. Hizo si darubini za kutisha, msikilizaji. Mpenda nyota mwenye fedha zake anaweza kununua moja akaiweka nyuma ya nyumba.

Usiku baada ya usiku darubini hizo zilipiga doria, zikihama kutoka nyota ndogo moja hadi nyingine. Zilipofika kwenye nyota yetu, zikakuta mwanga unapungua. Kidogo tu. Chukulia nyota inatoa mwanga wa shilingi 1,000: kwa muda wa kama dakika 52, shilingi 13 au 14 zilipotea, kisha zikarudi. Baada ya saa 38, zikapotea tena shilingi zile zile. Mwizi anayekuja kwa saa na kuchukua kiasi kile kile, huyo si mwizi, huyo ana mkataba. Desemba 2009 dunia ikatangaziwa kwamba kuna sayari. Sayari hiyo hiyo ingepita mbele ya Jua letu, katika shilingi 1,000 ingechukua senti 60 hivi, na darubini zile ndogo zisingehisi kitu.

Kiasi cha mwanga kilichopotea kikatoa upana wa sayari: mara 2.7 ya upana wa Dunia. Saa 38 zikatoa mwaka wake. Ndiyo, mwaka mzima wa Enaiposha ni saa 38. Mtoto anayetimiza mwaka mmoja hapa kwetu, huko angekuwa na miaka 231. Na mpangaji anayelipa kodi kila mwezi, huko angelipa mara moja kila baada ya miaka 19. Najua wapo watakaotamani kuhamia kwa sababu hiyo peke yake.

Kupata uzito wake kulihitaji njia nyingine. Sayari inapozunguka nyota, nayo nyota haitulii. Inavutwa huku na huku kidogo, kama mtu mzima anayemzungusha mtoto kwa mikono naye akajikuta anayumba. Kwenye milima ya Chile kuna chombo kiitwacho HARPS, kinachopima kuyumba huko kwa kusoma rangi za mwanga wa nyota. Wakaona Orkaria inasogea kwetu na kurudi nyuma kwa kasi ya takriban mita 14 kwa sekunde. Piga hesabu: hiyo ni kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao matatu inatakiwa kuwa nao mjini. Umbali wa miaka 48 ya nuru, na mtu anakuambia nyota inakwenda mwendo wa matatu inayoheshimu sheria! Kwa vipimo vya karibuni, uzito wa Enaiposha unatoka kuwa kama mara nane ya Dunia.

Hapa ndipo mambo yanapochangamka. Ukishajua uzito na ukubwa, unajua kitu kimeshindiliwa kiasi gani. Kipande cha maji chenye ukubwa wa kete ya sentimita moja kila upande kina gramu 1. Kipande kama hicho cha Dunia yetu, ukichanganya mawe na chuma chote, kina wastani wa gramu 5.5. Cha Enaiposha kina gramu 2 na kidogo. Kwa hiyo si mpira wa mawe na chuma kama sisi. Ingekuwa hivyo, kwa uzito ule ingeshindiliwa sana. Lazima iwe na kitu chepesi kingi: gesi, au maji, au vyote.

Wanaastronomia wanaziita sayari za namna hii Neptuni ndogo. Neptuni, ile ya mwisho katika ukoo wa Jua letu, ina upana wa karibu mara nne ya Dunia na uzito wa mara 17. Enaiposha ni mdogo wake, na kwa sababu imekaa karibu na moto, tunaiita Neptuni ndogo ya joto.

Sasa sikia ajabu yake. Nenda dukani ukanunue seti ya sufuria: zinaingiana, kubwa mpaka ndogo, bila kuruka. Sayari za kwetu si hivyo. Zebaki, Mirihi, Zuhura, Dunia, halafu ghafla unaruka mpaka Neptuni na Uranusi, kisha Zohali na Mshtarii. Kati ya Dunia na Neptuni hakuna sufuria hata moja. Kwa muda mrefu tulidhani hivyo ndivyo seti inavyouzwa. Kisha mwaka huo huo wa 2009 Marekani ikarusha darubini ya Kepler, ikafanya kazi mpaka 2018, ikahesabu sayari za nyota nyingine kwa maelfu. Ikaonekana kwamba saizi ile inayokosekana kwetu ndiyo iliyojaa kwa wengine. Katika zile zilizo karibu na nyota zake, sayari kubwa kuliko Dunia na ndogo kuliko Neptuni ni za kawaida kabisa. Sisi ndio tuliouziwa seti pungufu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini wataalamu wamepoteza usingizi kwa ajili ya sayari moja isiyokalika, mwambie hivi: Enaiposha ni mfano wa karibu wa aina ya sayari iliyo tele huko nje, na ambayo hapa nyumbani hatuna hata moja ya kuigusa. Iko karibu, na kivuli chake kwenye ile nyota ndogo ni kikubwa. Ukitaka kuwafahamu watu wa mji, unaanza na yule anayekaa karibu na dirisha.

Tatizo ni kwamba huyu wa dirishani amejifunika.

Nieleze kidogo. Sayari inapopita mbele ya nyota, sehemu ndogo ya mwanga hupenya kwenye hewa iliyoizunguka, kama jua la jioni linavyopenya kwenye moshi wa jikoni. Kila gesi ina ulafi wake: mvuke wa maji unakula rangi fulani, kaboni dioksidi inakula nyingine, methani nyingine tena. Ukitazama rangi zilizopungua, unajua nani amekula. Mwaka 2010 wanaastronomia wakaitazama kwa darubini kubwa iliyoko Chile. Hakuna rangi iliyopungua kuliko nyingine. Wakasema labda vipimo havitoshi. Ikaja Hubble, darubini iliyoko nje ya Dunia. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago wakati huo, Laura Kreidberg, akiwa na wenzake, wakatazama mipito 15 ya sayari hiyo mbele ya nyota yake. Matokeo yakachapishwa mwanzoni mwa 2014: mstari umenyooka kama reli. Hakuna maji, hakuna methani, hakuna chochote. Hiyo haina maana kwamba havipo. Juu kabisa ya anga ya Enaiposha kuna ukungu mzito, na mwanga unagonga ukungu huo kabla haujafika kwenye zile gesi.

Ilikuwa kama kwenda Naivasha alfajiri ya baridi ukakuta ukungu umelala juu ya ziwa. Unasikia viboko, huwaoni. Unajua maji yako hapo kwa sababu ulikuja jana. Na kama hukuja jana je?

Desemba 25, 2021, James Webb ikarushwa kutoka Guyana ya Kifaransa. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nayo huona joto. Julai 2022 wakaielekeza Enaiposha, na safari hii hawakusubiri mpito tu. Waliifuata mzunguko mzima, karibu saa 40 mfululizo, kama mtu anayemfuata jirani kwa macho kutwa kucha. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Eliza Kempton wa Chuo Kikuu cha Maryland, na matokeo yakatoka Mei 2023.

Waliona nini? Kuna jambo la kufahamu kwanza. Sayari iliyobanana na nyota yake namna hii, umbali wa kilomita milioni mbili na kitu, huishia kuielekezea nyota uso mmoja daima, kama Mwezi unavyotuelekezea sisi uso mmoja. Upande mmoja mchana hauishi. Upande wa pili hakujawahi kupambazuka. Ungesimama upande wa mchana, Orkaria ingetanda juu yako, pana mara 15 ya Jua tunavyoliona sisi, nyekundu, haichomozi wala haizami. Webb ikapima: upande wa mchana nyuzi kama 280 za Selsiasi, upande wa usiku kama 165. Tanuri la mkate kwa kawaida halifiki kwenye joto la upande wa mchana, na hata huko gizani maji ya chai yangechemka bila kuni.

Tofauti hiyo kati ya mchana na usiku ilisema jambo. Hewa yake ingekuwa haidrojeni tupu, nyepesi, upepo ungelisambaza joto mpaka pande zote zikakaribiana zaidi. Kwa kuwa tofauti ni kubwa, hewa ile ina vitu vizito ndani yake: huenda mvuke wa maji, huenda methani, huenda kaboni dioksidi. Na jambo la pili liliwashangaza: ile sayari inang'aa. Walitarajia ukungu mweusi kama masizi ya kibatari, unaokunywa mwanga. Wakakuta ukungu unaourudisha mwanga mwingi. Kwa moto unaoipiga, zaidi ya mara 15 ya unaotupiga sisi, ilitakiwa iwe na joto zaidi. Ukungu ule ni mwavuli wake.

Tangu hapo, utafiti uliofanywa kwa vipimo zaidi vya Webb umepata dalili hafifu za kaboni dioksidi na methani, na baadhi ya wataalamu wameanza kuifananisha na Zuhura iliyokuzwa: hewa nene, nzito, iliyojaa kaboni. Dalili hafifu, nasisitiza. Bado zinapimwa tena.

Basi turudi kwenye swali letu. Maji yapo?

Maji hayajathibitishwa, wala hayajakanushwa. Inawezekana Enaiposha ni jiwe kubwa lililovikwa koti nene la haidrojeni na vitu vingine. Inawezekana pia sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Lakini usifikirie mawimbi, mitumbwi na samaki wa kukaanga. Maji yakipita nyuzi 374 chini ya mkandamizo mkubwa, yanaacha kuwa maji na yanaacha kuwa mvuke. Yanakuwa kitu cha katikati, kizito na kinachotiririka, kisicho na uso. Huko hakuna ufuo. Ungeshuka kutoka mawinguni, hewa inazidi kuwa nzito, inazidi kuwa moto, na hakuna mahali ambapo ungesema: hapa hewa imekwisha, hapa maji yameanza.

Jambo moja lingekushangaza kule juu ya ukungu: uzito wako usingebadilika sana. Ingawa sayari ni nzito mara nane, ni pana pia, na mvuto pale juu ni karibu sawa na wetu. Gunia la mahindi la kilo 90 lingepimwa kama kilo 98. Madalali wangefurahi.

Ndiyo maana nasema, msikilizaji, majina yale mawili yamekaa vizuri kuliko hata waliotunga shindano walivyojua. Mtu wa mjini akisikia ziwa, anawaza maji baridi. Lakini mtu wa Naivasha anajua kwamba mwendo mfupi tu kutoka ziwani kuna maji mengine, ya Olkaria, yaliyofungwa chini, yenye joto la zaidi ya nyuzi 200, yanayokaa kimya kwa sababu mkandamizo umeyabana. Wahandisi wa pale hawajawahi kuyaona yakiwa mahali pake. Wanatoboa, wanapima kinachotoka, kisha wanaeleza kilichoko chini. Wanaastronomia wanafanya kazi ya namna hiyo, ila wao wamenyimwa keekee. Wana mwanga tu, shilingi 13 katika 1,000, na katika hizo 13 wanatafuta senti chache zilizopita kwenye ukungu. Kama Enaiposha ina maji, yatakuwa na udugu zaidi na yale ya Olkaria kuliko ya ziwani.

Nimalizie na hili la majina, kwa sababu linanigusa mimi ninayefanya kazi ya maneno. Anga ya Kiswahili imejaa majina. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali tulipewa na Waarabu, yakakaa mdomoni mpaka yakawa yetu. Kilimia, kile kikundi cha nyota, ni chetu wenyewe, kimewaambia wakulima msimu wa kushika jembe. Lakini ramani ya anga ya wanasayansi iliandikwa zaidi na watu wa kaskazini, na kwa muda mrefu sisi tulikuwa wasomaji tu. Mlango ukaanza kufunguka. Mwaka 2019, katika shindano kama hili, Tanzania iliipa nyota moja jina la Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Kenya ikatoa Kalausi na Buru, maneno ya Kijaluo ya kimbunga na vumbi. Na sasa Orkaria na Enaiposha.

Kuna watakaosema: jina ni jina tu, halijazi tumbo. Ni kweli, halijazi. Lakini fikiria mtoto wa darasa la saba aliyekaa Namanga, upande wowote wa mpaka, Kimaa ndicho alichonyonya nacho. Siku akifungua kitabu cha sayansi na kukuta neno la nyanya yake limeandikwa pale kati ya majina ya nyota, na limeandikwa sawasawa, hakuna atakayehitaji kumwambia kwamba elimu ile inamhusu. Hapa ardhini tumezoea Naivasha, neno lililovunjwa na mgeni aliyekuwa na haraka. Juu kule limerudishwa jinsi lilivyotamkwa na wenyewe. Kwa hilo, anga imetutangulia kwa adabu.

Ombi langu ni kwa walimu wanaonisikiliza. Mkifika somo la sayari, msiishie Neptuni. Hesabu ya zile zinazojulikana nje ya ukoo wa Jua ilipita 5,000 tangu 2022, na chache kati ya hizo zina majina ya kwetu. Mwezi wa Agosti, saa tatu usiku, mbingu zikiwa safi, watoeni watoto nje. Waambieni wainue nyuso juu kabisa. Nyota yenyewe hawataiona, nayo sayari ndiyo kabisa. Waambieni tu kwamba hapo, utosini mwao, Olkaria na Naivasha ni majirani pia.